Nilisahihisha riwaya ya binti yangu kwa wino mwekundu, sasa hasemi nami

SWALI

Ndugu Mshauri,

Salaam kutoka Tanga. Mimi ni mwalimu mstaafu, umri wangu miaka 64. Nimefundisha historia sekondari kwa miaka 34. Sikujaliwa mtoto wa kumzaa, lakini ninaye binti niliyemlea, mtoto wa marehemu mdogo wangu. Nilimchukua akiwa na miaka tisa, sasa ana 24. Mchana anashona nguo kwenye baraza la duka mjini, usiku huandika. Mimi sikujua kama anaandika. Nilikuwa nikiona mwanga chini ya mlango wake nadhani ni simu.

Mwezi wa pili, tumeshakula cha usiku, akaja na kaunta buku tatu, kwaya tatu kila moja, akaziweka mezani. Akasema, "Mama Mkubwa, nimeandika riwaya. Ya zamani, ya huku kwetu. Wewe ndiye mwalimu wa historia, isome uniambie unaionaje." Mikono yake ilikuwa inatetemeka kidogo. Naikumbuka sasa, wakati ule sikuitilia maanani.

Nikwambie kwanza mimi ni msomaji wa namna gani. Riwaya za kihistoria nazipenda kuliko kitu chochote kilichopigwa chapa. Napenda kumwona mtu wa kale akinunua chumvi, akigombana na jirani, akiangalia mawingu kwa hofu ya shamba lake. Lakini mwandishi akikosea, nafunga kitabu. Akiniambia mtu alilipa shilingi Tanga mwaka 1899, basi hata akilia siyaamini machozi yake, kwa sababu shilingi ililetwa na Waingereza mwaka 1921. Riwaya za mapenzi kwangu ni peremende, tamu mdomoni na hazishibishi. Karibu zote nilizowahi kuzifungua niliwanyang'anya wanafunzi darasani, vile vijitabu vya Kiingereza vya mitumba, jaladani msichana ameegemea kifua cha mwanamume. Zinazoniudhi zaidi ni zile zinazojiita za kihistoria, yaani magauni, magari ya farasi na malodi wa Uingereza wasio na kazi ila kucheza dansi. Binti yangu amezisoma hizo kwa makumi, hununua barabarani.

Kisa chake kinaanzia Pangani mwaka 1899, enzi za Mjerumani. Zawadi ni kijakazi katika nyumba ya tajiri mwenye mashamba ya miwa kando ya mto. Nasoro, mtoto wa tajiri, anampenda. Wanakutana kisimani, wanakutana chini ya mkungu, mwisho wanatoroka mpaka Tanga, wanapanda treni hadi Moshi, wanaoana na kuishi raha mustarehe.

Nilisoma usiku mmoja, nikamaliza saa nane. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi kwa mazoea, nikahesabu makosa 43. Reli mwaka 1899 ilikuwa haijavuka Muheza, na Moshi haikufika mpaka 1911. Mkuu wa serikali anamwita "DC", wakati watu wa siku zile walisema bwana shauri. Pana mahali Zawadi kila wiki anafunga hela moja kwenye pindo la kanga yake, akiificha. Kipande kile kilinigusa, lakini pembeni nikaandika, "Hela haikuwepo kabla ya 1904." Na kosa la 43 niliandika chini ya ukurasa wa mwisho, "Mtumwa na bwana hawapendani. Umeipamba aibu."

Jumapili walikuja walimu wenzangu wawili wastaafu. Katika mazungumzo nikawasomea kile kipande cha treni ya Moshi. Tukacheka sana. Binti alikuwa jikoni anatengeneza chai. Akaileta, akaweka sinia, akatoka nje.

Siku ya tatu asubuhi nilimkuta anawashia jiko la mkaa kwa karatasi za kaunta buku la kwanza. Nilimpokonya, karatasi mbili zilikuwa zimeshateketea. Zilizobaki nimezifungia kabatini mwangu. Tangu siku hiyo ni "shikamoo" na "chakula tayari", basi. Zamani alikuwa akirudi kazini anakaa kitandani kwangu ananisimulia mji mzima.

Naomba unijibu bila kunionea haya. Nilikosea kumwambia kweli? Mapenzi na historia vinaweza kukaa kitabu kimoja bila kimoja kukidanganya kingine? Na nifanye nini nimrudishe mwanangu?

Mama Mkubwa, Tanga


JIBU

Shikamoo Mwalimu.

Umeniomba nisikuonee haya, basi naanza na ile chai. Wino mwekundu binti yako anaujua, amekulia ndani yake. Amekuona ukisahihisha madaftari ya watoto wa watu miaka na miaka, na alipokuletea kazi yake alijua kalamu itapita. Asichokitarajia ni kuingia sebuleni na sinia akukute unawasomea wageni maneno yake, na nyote mnacheka. Kitu alichokupa usiku, mikono inatetemeka, ukakigeuza kitafunio cha wageni. Hata kama treni ile ingekuwa imekosewa mara kumi, hilo lilikuwa kosa lako peke yako, na ndilo la kumwomba radhi. Omba radhi kwa hilo tu. Usitie "lakini", wala usimwambie ulitaka kumsaidia.

Nimeliweka mbele kwa sababu mengine yote nitakayosema hayatakuwa na faida hilo lisipofanyika.

Sasa tuingie kwenye riwaya. Nianze na jambo uliloliandika kwa haraka ukalipita: ulimaliza saa nane za usiku. Mwalimu wa historia wa miaka 34, asiyevumilia shilingi ya 1899, alikuta makosa 43 na hakufunga kitabu. Ulituambia wewe mwenyewe kwamba mwandishi akikosea unafunga. Huyu hukumfunga. Kuna kitu katika kaunta buku zile kilikushika, na binti hajakisikia mpaka leo. Amesikia kuhusu reli, sarafu na DC. Hajasikia kwamba Mama Mkubwa alikesha naye.

Kuhusu tarehe, uko sahihi, na sitaki kupunguza hata moja. Msomaji wa Muheza au Korogwe atajua babu yake alisimulia nini juu ya reli. Ila tazama aina ya makosa yenyewe. Mengi yanaponywa kwa dawa moja: kisa kisogezwe mbele miaka sita. Kikianzia mwaka 1905, hela ipo, kwa sababu Wajerumani walishaacha kuigawa rupia kwa pesa 64 na kuigawa kwa hela 100. (Hilo neno tunalitumia mpaka leo kwa fedha yoyote, wengi bila kujua limetoka kwenye sarafu ile.) Reli nayo ilifika Mombo Februari mwaka huo. Basi Zawadi na Nasoro watapanda treni Tanga, watashuka Mombo kwa sababu chuma kimeishia hapo, na kwenda Moshi watakwenda kwa miguu, siku nyingi, Usambara mkono wa kulia, kisha Upare mkono wa kulia. Mwalimu, fikiria riwaya imepata nini hapo. Treni ingewafikisha kwa starehe, na starehe haimwonyeshi msomaji chochote. Njiani ndipo atakapoona nani anabeba maji, nani anaugua, nani anajuta usiku wa tatu, na yule kijana aliyezaliwa akihudumiwa anafanya nini siku ambayo hakuna wa kumpikia. Marekebisho yako ya reli yangeweza kumpa sura tano bora kuliko zote. Uliyaandika kama hukumu, hakuona kuwa ni zawadi.

Mwaka 1905 una mengine pia. Julai ile Vita vya Maji Maji vilianza huko Umatumbi, kusini. Pangani haikupigana safari hii, lakini ilikuwa bado ina watu waliomwona Abushiri, kiongozi wa upinzani dhidi ya Wajerumani, akinyongwa hapo hapo mjini Desemba 1889. Sokoni watu wangesema nini habari za kusini zilipofika? Wangesema kwa sauti au kwa kunong'ona? Akida wa Mjerumani angekaa karibu na nani? Hayo binti yako hawezi kuyapata kwenye vijitabu vya malodi. Kwako angeyapata kwa kikombe cha kahawa.

Sasa ile hela ya pindoni. Hapa, Mwalimu, nataka usome polepole.

Amri ya Wajerumani ya mwaka 1901 juu ya utumwa wa majumbani haikuufuta utumwa. Kwa Tanganyika ulikuja kufutwa na Waingereza mwaka 1922. Ila amri ile ilimpa mtumwa haki ya kujikomboa kwa fedha, na haki ya kujifanyia kazi zake siku mbili za juma. Mtumwa aliweza kuweka akiba, akaenda bomani, akalipa, akatoka na cheti mkononi. Sasa mrudie Zawadi. Kila wiki anafunga hela moja kwenye pindo la kanga. Anaificha. Binti yako huenda hakujua amri hiyo wala mwaka wake. Lakini alijua, kwa kumfikiria yule msichana kwa makini, kwamba mtu katika hali ile angekuwa anaweka kitu pembeni, na kwamba angekificha hata kwa anayempenda. Amefika kwenye kweli ya historia kwa mlango wa moyo. Na wewe pembeni ukaandika tarehe ya sarafu.

Sikusemi kwa ubaya. Kosa hili ni la kazi yetu sote tunaopenda mambo ya kale. Tunajua sana kitu kilianza lini, tunasahau kuuliza kilikuwa na maana gani kwa aliyekishika.

Nije kwenye kosa la 43, ambalo naona ni la maana kuliko 42 zote kwa pamoja, nawe ukalitupa chini ya ukurasa kama kofi. "Mtumwa na bwana hawapendani. Umeipamba aibu."

Nakuunga mkono nusu. Riwaya za aina hii zina ugonjwa, na binti ameuambukizwa na vile vijitabu. Yule lodi wa kwenye dansi ana kasri, farasi na dhahabu, na mwandishi haulizi fedha imetoka wapi. Kwa familia nyingi za Uingereza za enzi hizo ilitoka kwenye sukari ya Karibi na migongo ya watumwa. Serikali yao ilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1833, ilitenga pauni milioni 20 za fidia, na fidia hiyo wakapewa wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakupata kitu. Sasa tazama, binti amemchukua lodi yule, akamvika kanzu, akamwita Nasoro, na bila kukusudia akamwachia utajiri ule ule. Miwa! Pangani kweli ilikuwa na miwa kando ya mto, na kweli ililimwa na watumwa. Sukari iliyofichwa kwenye riwaya za London imejitokeza yenyewe katika kaunta buku la Tanga. Yuko karibu sana na jambo kubwa, hajaligeukia tu kulitazama.

Nusu nyingine sikuungi mkono. Kusema hawakupendana kamwe ni kusema jambo tusilokuwa na haki ya kulisema kwa niaba ya wafu. Wewe unajua habari za masuria, watumwa wa kike waliokaa na bwana kama wake. Watoto wa Sayyid Said waliotawala Unguja baada yake, Majid, Barghash na wengine, mama zao walikuwa masuria. Sayyida Salme, binti yake, mama yake alikuwa suria wa Kicherkesi, na amemwandika kwa upendo mkubwa. Katika nyumba zile palikuwa na wivu, palikuwa na watoto, palikuwa na kuuguzana, na sitashangaa kama palikuwa na mapenzi. Lakini ilipotoka amri ya Aprili 1897 ya kuwaruhusu watumwa wa Unguja na Pemba kudai uhuru wao, masuria waliachwa nje. Walihesabiwa kama wake. Mpishi aliweza kwenda kudai uhuru, mfanyakazi wa shamba la karafuu aliweza, suria hakuweza ila athibitishe anatendewa ukatili, mpaka 1909. Miaka 12. Yaani hasa yule ambaye watu wangesema "huyu anapendwa" ndiye aliyekosa ruhusa ya kuondoka.

Kwa hiyo nadhani swali linalostahili kuandikwa kwenye ukurasa ule wa mwisho, badala ya yote 43, ni hili: Zawadi akisema hapana, nini kitampata? Riwaya ya mapenzi inasimama juu ya "ndiyo" ya mwanamke. Msomaji anaisubiri kurasa 300. Kama hawezi kusema hapana, ile ndiyo haina uzito, hata Nasoro awe mpole namna gani, hata wakutane chini ya mikungu mingapi. Na huyu Nasoro anajua hilo? Au ni mmoja wa vijana wale waliodhani wanapendwa kwa sababu hakuna aliyewahi kuwakatalia?

Unaona hela ya pindoni inavyoanza kufanya kazi? Zawadi anaweza kuwa anaweka akiba ya kujikomboa ili ampende Nasoro akiwa mtu huru, au ili awe mbali naye. Anaweza asijue mwenyewe ni lipi. Akifika bomani na kitita chake, akapewa cheti, akatoka nje kwenye jua, hapo Nasoro akimwuliza, swali litakuwa swali. Mimi sijawahi kusoma tukio la namna hiyo. Binti yako ameshaanza kuliandika, fundo moja kwa wiki.

Umeuliza kama mapenzi na historia vinaweza kukaa kitabu kimoja. Mwalimu, vimekaa kwetu zamani. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mke na mume wa zamani kabla ya wageni kufika, waliokuwa hawajapata mtoto. Tafsiri yake ya Kiswahili, ya mkono wake mwenyewe, ilitoka 1980. Mke anachukuliwa na wazazi wake, mume anamfuata, anatozwa pombe na wakwe, anahangaika kuitengeneza na kuisafirisha mpaka ampate mkewe tena. Ndani yake utajifunza Wakerewe walivyolima, walivyovua, walivyoagua, walivyosalimiana. Na kinachokuburuta ukurasa kwa ukurasa ni mapenzi ya mume aliyekataa kuoa mwingine. Ungeyatoa mapenzi, yangebaki maelezo ya ngoma na majembe. Na wanafunzi wa kidato cha tano na sita, uliowafundisha au waliokuwa darasa la jirani, wamesoma Vuta N'kuvute ya Adam Shafi: Unguja ya mkoloni, msichana aliyeozwa kwa mtu mzima akatoroka, kijana wa siasa anayewindwa na polisi. Hakuna aliyesema hiyo ni peremende.

Mapenzi yenyewe ni jambo la kihistoria, Mwalimu. Nani aliruhusiwa kumwoa nani, mahari ilikuwa nini, ukimpenda wa dini nyingine ulipoteza nini, hayo yana tarehe na sheria zake kama reli. Sayyida Salme huyo huyo nimtumie kwa mara ya mwisho. Alizaliwa Mtoni mwaka 1844, akampenda mfanyabiashara Mjerumani, akaondoka Unguja kwa meli ya Waingereza mwaka 1866, akabatizwa na kuolewa Aden mwaka uliofuata. Kisa kingeishia hapo, binti yako angekiandika vizuri na wasomaji wangelia kwa furaha. Lakini mwaka 1870, Hamburg, mumewe alipata ajali ya tramu akafa. Akabaki na watoto wadogo katika nchi ya baridi, urithi wa kwao umemkatikia, na alirudi Unguja mara mbili kuudai asiupate. Kitabu chake alikichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886. Yote hayo ni gharama ya ndiyo moja.

Lakini nakuomba usimlazimishe binti amalize kwa msiba. Walimu wa fasihi na historia tuna tabia ya kuona kwamba kitabu hakina heshima mpaka mtu afe. Msomaji wa mapenzi ana maagano na mwandishi: nitese, niogopeshe, lakini nifikishe. Hayo ni maagano ya halali. Wajakazi wa Pangani nao wapo waliozeeka kwa amani, na mmoja wao kuandikiwa raha mustarehe si uongo. Kinachotakiwa ni tuione bei aliyoilipa mpaka akafika.

Sasa ufanye nini. Kaunta buku zitoe kabatini leo. Hazikuwa zako kuzifungia, hata kama uliziokoa motoni. Usimwite sebuleni, mfuate yeye, chumbani kwake au jikoni, pale anapokuwa na amani. Umwombe radhi kwa kicheko kile. Akinyamaza, mwache anyamaze. Umngoje. Ukipata nafasi, mwambie ulikesha mpaka saa nane, na mtajie ile hela ya pindoni. Usimweleze amri ya 1901 siku hiyo. Najua utatamani. Iache wiki moja au mbili, mpaka yeye akuulize kitu.

Akiuliza, hapo ndipo ualimu wako utakapohitajika, na kwa kweli hakuna mtu Tanga nzima mwenye bahati ya kuwa na mwanahistoria chumba cha pili. Mpeleke Pangani siku moja. Boma la zamani bado lipo, mto upo, na ng'ambo yake ni Bweni. Aone upana wa mto ule kwa macho yake na ajiulize msichana angeuvukaje usiku. Ila mkizungumza na wazee wa pale, tahadhari. Unajua pwani yetu: wajukuu wa waliomiliki na wajukuu wa waliomilikiwa wanakaa mtaa mmoja, wameoana, wanazikana, na neno "mtumwa" likirushwa ovyo barazani bado linajeruhi. Waulize juu ya miwa, juu ya vyakula, juu ya nyimbo. Yaliyobaki watayasema wenyewe kama wanataka.

Na zile karatasi mbili zilizoungua. Siku atakayokaa tena kitandani kwako, mwombe akusimulie yaliyokuwemo, kwa mdomo, kama alivyokuwa akikusimulia habari za mjini. Kalamu iache chumba kingine. Kaunta buku la nne mnunulie wewe.

Nami nangoja kujua Zawadi alijibu nini.